Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Mwalimu wa Watu Wazima

Katika maulamaa waliopita Mashariki ya Afrika wako waliosifika kwa fiqhi, wako waliosifika kwa ucha Mungu wao, na wako waliosifika kwa wingi wa wanafunzi waliowalea tangu utotoni. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali bin Abdallah bin Nafi Mazrui, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa mjuzi wa fiqhi na akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Lakini lililomtenga na wengi wa zama zake ni kuwa alimwona mtu mzima, mwenye ndevu na watoto na deni la duka, kuwa naye ni mwanafunzi, tena mwanafunzi mwenye haja kubwa ya kufundishwa historia na mambo ya ulimwengu pamoja na dini yake.

Kwa sababu hiyo khabari zake zina mahali pake Mwello na Tororo na Busia, ijapokuwa yeye alikuwa mtu wa Mvita. Hata mwaka wa 1902 Jimbo la Mashariki la Uganda lilikuwa likienea mbali hadi upande wa Naivasha, na mpaka unaopita Busia haukuwapo. Uislamu ulifika pande hizi kwa njia mbili: misafara ya wafanya biashara wa pwani waliokuwa wakipumzika kwa Mumia, na watu wa Buganda waliokuja mashariki pamoja na majeshi ya Kakungulu. Na reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896 hatimaye ilipita Tororo ikafika Kampala mwaka wa 1931. Barua, vitabu na magazeti ya pwani vilipata njia ya kupanda bara kwa gari hilo hilo lililokuwa likiteremsha pamba. Huo mwaka wa 1931 ndio wakati Sheikh Al-Amin alipokuwa katikati ya kazi yake ya kalamu.

Alizaliwa Mombasa mwaka wa 1891. Baba yake, Sheikh Ali bin Abdallah, alikuwa mwanachuoni mkubwa aliyesoma Makka, na alipata mitihani katika dini yake, kwani wazee wa ukoo wa Mazrui walitoka Oman na madhehebu yao yalikuwa ya Kiibadhi, naye akashika madhehebu ya Imam Shafi na akayasomesha hadharani bila ya kificho. Sayyid Barghash bin Said, mfalme wa Unguja, alimtia kifungoni, na hakutoka ila baada ya kufa mfalme huyo mwaka wa 1888. Akarudi Mombasa akafanywa kadhi, na mwaka wa 1894 akafariki dunia. Mwanawe Al-Amin alikuwa mtoto wa miaka mitatu hivi. Basi hakupata kusoma kwa baba yake hata herufi moja. Alichorithi kwake ni sanduku la vitabu, jina zuri, na mfano wa mtu asiyeogopa kusema aliloliona kuwa ni haki.

Mwaka uliofuata mambo makubwa yalitokea katika ukoo wake. Sheikh Mbaruk bin Rashid Mazrui wa Gazi alipigana na Waingereza tangu mwaka wa 1895 hata 1896, kisha akashindwa, akavuka na watu wake kuingia katika nchi iliyokuwa chini ya Wajerumani, na huko Dar es Salaam akafa mwaka wa 1910. Mtoto Al-Amin alikulia katika mji uliojaa khabari hizo. Wazee walizisimulia barazani, kila mmoja kwa namna yake, na nyingine zilikuwa zikigongana. Si ajabu basi kwamba alipokuwa mtu mzima alitaka kujua ipi katika hizo ilikuwa kweli.

Malezi yake yalisimamiwa na jamaa yake, Sheikh Sulaiman bin Ali Mazrui, naye pia ni mwanachuoni aliyepata ukadhi. Kwake alisoma masomo ya mwanzo, kisha akasafiri Unguja, ambako wakati huo ndiko kulikokuwa na elimu katika pwani yote. Huko alisoma kwa wanavyuoni wawili ambao hapana asiyewajua: Sayyid Ahmad bin Abi Bakr bin Sumait, aliyezaliwa Ngazija mwaka wa 1861 na akawa kadhi wa Unguja, na Sheikh Abdallah bin Muhammad Bakathir, aliyezaliwa Lamu mwaka wa 1860 na akasomesha Ukutani. Wote wawili walifariki mwaka mmoja, 1925. Kwa hao alipata sarufi ya Kiarabu, fiqhi, tafsiri na hadithi, kama walivyopata wenzake wengi.

Jambo la pili lililomfunza lilikuja kwa meli kutoka Misri. Lilikuwa gazeti lililoitwa Al-Manar, lililokuwa likitolewa Cairo tangu mwaka wa 1898 na Sayyid Muhammad Rashid Ridha, mwanafunzi wa Sheikh Muhammad Abduh. Ndani yake Sheikh Al-Amin alisoma mawazo ya Abduh na ya Sayyid Jamaluddin Al-Afghani kabla yake. Hao waliuliza swali moja zito: imekuwaje umma uliokuwa mbele ya watu wote kwa hisabati, utabibu, falaki na tarehe, leo uko nyuma ya watu wote? Nao hawakuridhika na jibu la kuwa hayo ni mapenzi ya Mungu tu, basi watu wakae. Walisema kuwa Waislamu wameiacha elimu, na kwa kuiacha wameacha na dini yenyewe. Sheikh Al-Amin alilichukua swali hilo akaligeuza liwe la Mombasa. Imekuwaje Waislamu wa pwani, ambao mababu zao walikuwa na miji, majahazi, mahakama na vitabu, sasa watoto wao wanakosa nafasi za ukarani, na mashamba yao yanauzwa kwa sababu ya harusi na matanga?

Lazima msomaji aelewe hali ilivyokuwa. Shule nyingi za siku hizo zilikuwa za misioni. Mzazi wa Kiislamu alikuwa katikati ya mambo mawili, na yote mawili yalimtisha: akimpeleka mwanawe shule ya misioni alihofia kuwa atarudi na dini nyingine, na asipompeleka alijua kuwa atabaki mchukuzi wa mizigo ya wale waliosoma. Shule ya Serikali ya watoto wa Kiarabu ilifunguliwa Mombasa mwaka wa 1912, lakini ilikuwa moja, na si kila Mwislamu aliyekuwa na nafasi ndani yake. Hali hii wazee wa Tororo na Busia hawana haja ya kusimuliwa, maana wao wenyewe waliipitia, na wako waliobadilishwa majina shuleni.

Maulamaa wengi walijibu kwa kukataza. Walisema shule zile ni hatari, wakanyamaza hapo. Sheikh Al-Amin naye aliziona kuwa ni hatari, na aliandika hivyo kwa maneno makali, lakini hakunyamaza hapo. Alisema kukataza peke yake ni kumwacha mtoto gizani, na kwamba Waislamu wajenge shule zao wenyewe, wafundishe humo dini na elimu za dunia pamoja. Kisha akaona jambo ambalo wengi hawakuliona. Shule hujengwa na watu wazima, na mtu mzima asiyejua thamani ya elimu hatatoa hata senti. Kwa hiyo wa kwanza kufundishwa ni baba na mama.

Ndipo mwaka wa 1930 alipoanza kutoa karatasi yake iitwayo Sahifa. Ilikuwa karatasi ndogo, na maneno yake yalikuwa ya Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Chaguo hilo lilikuwa la mtu aliyewajua wasomaji wake. Mtu mzima wa Mombasa wa siku hizo, awe baharia au mwuza samaki au fundi wa seremala, kwa kawaida alipita chuoni utotoni akahitimu Kurani. Herufi za Kiarabu alizijua, ila lugha ya Kiarabu hakuielewa. Na herufi za Kizungu hakuzijua kabisa. Kumwandikia Kiarabu ni kumwandikia maulamaa mwenzio, na kumwandikia kwa herufi za Kirumi ni kumwandikia karani. Kiswahili kwa khatti ya Kiarabu kilimfikia yule yule aliyekusudiwa, na kilimpa heshima pia, kwa sababu kilimwonyesha kuwa ile elimu ndogo aliyoipata chuoni ilikuwa mlango wa kuingilia elimu nyingine.

Wako waliolichukia jambo hilo. Katika desturi ya siku zile mambo mazito ya elimu yaliandikwa Kiarabu, na Kiswahili kilikuwa cha mashairi, barua na mazungumzo. Ilionekana na baadhi ya watu kuwa kuiweka elimu katika Kiswahili ni kuishusha daraja. Lakini Sheikh Al-Amin aliona kuwa elimu isiyoeleweka na watu ni kama maji yaliyofungiwa kisimani.

Ndani ya Sahifa alieleza mambo kwa ufupi, jambo moja kila mara. Leo huandika juu ya israfu ya harusi, siku nyingine juu ya wajibu wa kusomesha, siku nyingine juu ya mali inavyopotea kwa uvivu na kwa kuiga mambo ya watu wengine bila ya kuchagua. Alipenda kuwapa wasomaji wake mifano ya mataifa: jinsi taifa fulani lilivyoinuka kwa elimu na umoja, na jinsi jingine lilivyoanguka kwa ugomvi na anasa. Khasa aliwakemea wale walioiga kwa Wazungu mavazi na starehe, wakaacha kuiga bidii ya kazi, kuchunga wakati na kushirikiana. Wala hakuogopa kusema kuwa mambo hayo matatu yalikuwa ya Waislamu kwanza, wakayapoteza.

Mwezi wa Februari mwaka wa 1932 alitoa gazeti kubwa zaidi, Al-Islah, maana yake ni kutengeneza yaliyoharibika. Hili lilikuwa na Kiarabu na Kiswahili. Ndani yake khabari za ulimwengu wa Kiislamu zilipata nafasi pana, Misri na Sham na Hijazi na kwingineko, na mtu wa Mombasa aliweza kusoma katika lugha yake kuwa masumbuko yake yalikuwa pia masumbuko ya wengine. Aliandika humo juu ya haki za wanawake na wajibu wa wanaume kwao, na akahimiza wasomeshwe, akasema kuwa mama mjinga hulea nyumba nzima katika ujinga. Leo hayo huonekana maneno ya kawaida. Mwaka wa 1932 yalimpatia maadui.

Na maadui alikuwa nao, haifai kuficha. Alipinga bidaa: hirizi, kuomba makaburini, gharama za matanga zinazokula mali ya mayatima. Aliyapinga kwa majina yake, mbele ya watu waliokuwa wakiyafanya, na wengine wao walikuwa watu wa heshima. Palitokea khitilafu kubwa kati ya wanavyuoni, na athari zake hazijakwisha hata leo katika baadhi ya misikiti ya pwani na ya bara. Wako wanaosema kuwa Sheikh alikuwa mkali kupita kiasi, na kwamba baadhi ya ada alizozipiga vita ndizo zilizokuwa zikiwakusanya watu pamoja. Hoja hiyo ina uzito wake. Lakini ni vigumu kumlaumu mtu aliyeona shamba la minazi likiuzwa ili watu wale pilau ya siku tatu, naye akasema.

Magazeti hayo hayakudumu miaka mingi. Mwaka huo huo wa 1932 Sheikh Al-Amin alifanywa Kadhi wa Mombasa, na mwaka wa 1937 akamfuata Sheikh Sulaiman katika cheo cha Kadhi Mkuu wa Kenya. Hapa pana jambo la kufikiriwa. Pwani ya Kenya ilikuwa bado kwa jina ni milki ya mfalme wa Unguja, kwa mapatano ya mwaka wa 1895, na bendera yake nyekundu ilipepea juu ya Ngome ya Mombasa hata mwaka wa 1963. Lakini mamlaka yalikuwa mikononi mwa Waingereza, na kadhi alipokea mshahara wake kwao. Mtu aliyekuwa akiwaandikia watu wake kuwa wametawaliwa kwa sababu ya ujinga wao, sasa alikuwa mtumishi wa Serikali iliyowatawala. Je, alifungwa mdomo? Ukweli ni kuwa kalamu yake ya gazeti ilipumzika, na kazi za mahakama, mirathi na talaka na wakfu, zilimla muda wake. Lakini hakuacha kusomesha, na alipata jambo jingine: fatwa zake na hukumu zake sasa zilikuwa na nguvu ya kutekelezwa.

Namna ya kusomesha watu wazima katika miji ya pwani ilikuwa ni darasa la msikitini au la nyumbani, na hilo ndilo lililokuwa chombo chake kingine. Watu humaliza kazi zao, wakaswali Alasiri au Magharibi, kisha wakakaa duara. Mwalimu husoma kifungu cha Kiarabu, akakifasiri kwa Kiswahili neno kwa neno, akaeleza maana yake, na wenye maswali wakauliza. Hapana ada wala mtihani, na hakuna anayeulizwa umri wake. Mwenye kuja hukaa, na mwenye shughuli huondoka, akarudi kesho. Ubora wa njia hii ni kuwa haimwaibishi mtu mzima. Anayeketi pale hakuambiwa kuwa ni mjinga aliyekuja kufundishwa kusoma. Amekuja kusikiliza darasa kama walivyofanya baba yake na babu yake. Masomo yaliyokuja kuitwa na watu wa Kenya masomo ya ngumbaru yalipata taabu nyingi kwa kusahau jambo hili dogo, kwani mzee hakubali kwa urahisi kuketi juu ya benchi la mjukuu wake.

Naye aliwaandikia pia wasio na nafasi ya kuhudhuria. Makala za Sahifa zilikusanywa zikawa kitabu kiitwacho Uwongozi, kilichotolewa mwaka wa 1944. Kabla yake, mwaka wa 1939, kilitoka kitabu cha Dini ya Islamu. Pia alianza tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili. Padri Godfrey Dale wa Unguja alikwisha kuchapisha tafsiri yake mwaka wa 1923, na Waislamu hawakuiridhia, lakini kwa muda mrefu hapakuwa na Mwislamu wa Sunna aliyeikamilisha nyingine. Sheikh Al-Amin aliianza, akaendelea nayo kwa maelezo marefu, na mauti yakamkuta njiani. Sura zake za mwanzo, Al-Fatiha na Al-Baqara, zilipigwa chapa mwaka wa 1980, miaka 33 baada ya kufa kwake. Tafsiri kamili ya Kiswahili ya Kisunni ilitimizwa na Sheikh Abdallah Saleh Farsy mwaka wa 1969.

Inabakia kazi yake ya historia, nayo ndiyo inayostahili kukawiliwa zaidi. Aliandika kwa Kiarabu kitabu cha tarehe ya ukoo wa Mazrui waliotawala Mombasa. Khabari zenyewe kwa mukhtasari ni hizi. Wareno walijenga Ngome ya Mombasa mwaka wa 1593, na watu wa Oman wakaizingira tangu 1696 hata wakaiteka mwaka wa 1698. Katika karne iliyofuata liwali wa Kimazrui, Muhammad bin Uthman, alitumwa kutoka Oman kuushika mji. Mwaka wa 1741 ufalme wa Oman ukaingia mikononi mwa Ahmad bin Said wa ukoo wa Busaidi, na Muhammad bin Uthman akakataa kumtii. Akauawa. Ndugu yake, Ali bin Uthman, alifungwa ndani ya Ngome, akatoroka, akarudi na watu akaiteka, na tangu hapo Mazrui wakatawala Mombasa kwa nafsi zao. Mwaka wa 1824 walijiweka chini ya ulinzi wa nahodha Owen wa manowari ya Kiingereza, na ulinzi huo ukaondolewa mwaka wa 1826. Mwaka wa 1837 Sayyid Said bin Sultan akaupata mji, wakubwa wa Mazrui wakakamatwa na kuhamishwa mbali upande wa Bandar Abbas, na waliosalia wakakimbilia Gazi na Takaungu.

Mtu anayeandika khabari za ukoo wake mwenyewe ana hatari mbili. Ya kwanza ni kuwasifu jamaa zake kwa yasiyokuwapo, na ya pili ni kulipiza kisasi kwa kalamu juu ya waliowashinda. Sheikh Al-Amin alikuwa na kila sababu ya kuanguka katika hatari ya pili, kwani hao Busaidi ndio walioung’oa utawala wa wazee wake na ndio waliomfunga baba yake. Alikusanya yaliyopokewa kwa wazee na yaliyoandikwa, na katika kuyasimulia hakuficha aibu za nyumbani. Alieleza kuwa Ali bin Uthman, shujaa mkubwa kuliko wote katika kisa hicho, aliuawa alipokuwa ameuzingira mji wa Unguja na kukaribia kuuteka, na aliyemwua hakuwa adui wa nje. Alikuwa jamaa yake mwenyewe. Na baada ya hapo jeshi likarudi Mombasa mikono mitupu. Ugomvi wa Mazrui kwa Mazrui umo ndani ya kitabu hicho tangu mwanzo, na msomaji huona wazi kuwa mji haukuanguka mwaka wa 1837 kwa mizinga tu, maana ulikwisha kudhoofishwa na waliokuwa ndani yake.

Kwa hiyo historia kwake haikuwa pambo la ukoo. Ilikuwa ushahidi wa yale yale aliyokuwa akiwaambia watu wa darasa na wasomaji wa Sahifa. Mtu aliyesikia tu kuwa wazee wake walikuwa watawala hujivuna, akakaa barazani. Mtu anayejua ni kwa nini waliacha kuwa watawala hujitazama nafsi yake.

Ina kasoro zake pia kazi hiyo. Ni kitabu cha maliwali na vita. Watu wa kawaida wa Mombasa, wanawake, watumwa waliolima mashamba ya wakubwa hao, na watu wa Mijikenda ambao bila yao mji haungekula wala haungelindwa, wanapita kwa upesi ndani yake. Wala hakuandika kwa Kiswahili. Mwalimu aliyewapa watu wazima kila kitu katika lugha yao, hili la historia aliliandika kwa lugha ya maulamaa. Labda alikusudia kulirudia baadaye. Kitabu kilibaki bila ya kukamilika, kwa mkono, mikononi mwa jamaa, hata mwaka wa 1995 kilipopigwa chapa kwa Kiarabu pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya James Ritchie.

Sheikh Al-Amin alifariki Mombasa mwaka wa 1947, umri wake miaka 56. Jumuiya ya Ustawi wa Waislamu wa Afrika ya Mashariki ilikuwa imeanzishwa miaka miwili kabla, mwaka wa 1945, nayo ikaja kujenga shule na misikiti katika nchi zote hizi, Uganda ikiwamo. Chuo cha ufundi cha Waislamu cha Mombasa kilipokea wanafunzi wake mwaka wa 1951, nacho kilikusudiwa kwa vijana wa Kiislamu wa Afrika ya Mashariki yote. Hayo yote, elimu ya dini na ya dunia katika mikono ya Waislamu wenyewe, alikuwa akiyataka tangu mwaka wa 1930, wala hakuyaona.

Wanafunzi wake ndio waliomfuata katika kalamu. Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1963 hata 1968, aliandika kwa Kiswahili maisha ya Makhalifa, vitabu ambavyo mtu mzima asiyejua Kiarabu aliweza kuvisoma mwenyewe nyumbani kwake, tena kwa herufi za Kirumi, ambazo sasa zilikuwa zimeshinda. Aliyemfuata katika ukadhi mkuu, Sheikh Abdallah Saleh Farsy, alikuwa amekwisha kuandika khabari za Sayyid Said bin Sultan tangu mwaka wa 1942. Hivyo kadhi wakuu watatu, mmoja baada ya mwingine kwa athari ijapokuwa si kwa miaka, walikuwa ni waandishi wa historia.

Na Uganda ilipata fungu lake kwa njia ambayo Sheikh mwenyewe hakuitaraji. Mwanawe Ali, aliyezaliwa mwaka wa 1933, alikuwa na miaka 14 baba alipokufa. Sheikh alitamani aende Misri kusoma Al-Azhar, awe mwanachuoni. Hakwenda Al-Azhar. Alisoma Uingereza na Marekani, na mwaka wa 1963 akaja Makerere kusomesha elimu ya siasa, akakaa hata mwaka wa 1973. Katika miaka ile Makerere ilikuwa na idara ya masomo ya nje ya chuo, ambayo waalimu wake walikuwa wakitoka Kampala kwenda mijini kuwasomesha watu wazima jioni historia, siasa na uchumi, waalimu wa shule na makarani na wenye maduka, watu waliokwisha kazi zao za mchana. Profesa Ali Mazrui mwenyewe alijulikana kwa mihadhara ya hadhara iliyojaza ukumbi hata watu wakasimama nje madirishani, wengi wao wasiokuwa wanafunzi wa chuo. Mwaka wa 1986 alisomesha Afrika kwa televisheni, katika sehemu tisa, na msingi wa maneno yake ulikuwa kwamba Mwafrika amerithi mambo matatu: asili yake mwenyewe, Uislamu, na mambo ya Magharibi. Mwenye kuijua Sahifa ya mwaka wa 1930 hataona taabu kutambua swali hilo lilianzia nyumba gani.

Profesa Ali Mazrui alifariki Marekani mwezi wa Oktoba 2014. Kwa wasia wake alirudishwa Mombasa, akazikwa katika makaburi ya Mazrui, karibu na Ngome ile ambayo baba yake aliandika khabari zake bila ya kuzimaliza.